Una wivu au una kijicho? Jipime leo!

   Mlionuniana na wapenzi wenu tangu Jumapili, leo kaeni kiti kimoja msome pamoja, maana mada yenyewe inawahusu kuliko mnavyodhani.

Leo tunaingia kwenye Kiingereza kidogo. Usikimbie bwana! Sitakufundisha sarufi, mimi mwenyewe shule yangu iliishia kidato cha nne na chaki sina. Nataka tuongelee maneno mawili tu, "jealousy" na "envy". Ukimwuliza kijana yeyote wa mjini akwambie maana yake, atakujibu haraka haraka kuwa yote ni wivu, kwisha habari. Fungua simu yako uangalie picha za rafiki yako aliyekwenda kujirusha Zanzibar. Kakaa pwani, miguu kwenye maji, dafu mkononi. Chini yake wenzake kumi wameandika "I am so jealous". Lile neno la pili hakuna hata mmoja aliyeligusa.

Sasa tujiulize. Huyo dada aliyeandika kuwa ana wivu, anaogopa kunyang'anywa nini? Ile pwani ni ya kwao? Lile dafu lilikuwa lake? Hana chochote pale ambacho mtu angeweza kumwibia. Anachotaka ni kile alichonacho mwenzake. Kwa Kiingereza cha kunyooka hiyo ni "envy". Na Kiswahili chetu kina majina ya jambo hilo tangu enzi za mabibi: kijicho, husuda, na ukitaka la pwani zaidi, gere.

Utasema, aah, mambo ya maneno tu hayo, yananiongezea nini mfukoni? Subiri kidogo. Kuna dada mmoja ninayemfahamu alilala hospitali wiki mbili kwa sababu ya haya mambo mawili kukutana nyumba moja. Nitakusimulia huko mbele. Kwanza tuyaelewe.

HESABU VICHWA

Njia rahisi kuliko zote ni kuhesabu watu. Kijicho kinahitaji watu wawili: wewe usiyekuwa na kitu, na yule mwenye nacho. Kitu chenyewe kinaweza kuwa gari, kazi, sura, sauti, nyumba, mume, hata nywele. Wivu unahitaji watatu: wewe, mpenzi wako, na huyo wa tatu unayemwogopa. Huyo wa tatu si lazima awepo kweli, wengine wanaishi kichwani mwako tu na hawalipi kodi.

Mwenye kijicho mikono yake ni mitupu, anatazama sahani ya jirani. Mwenye wivu kashika sahani yake mwenyewe, anatetemeka mtu asije akaipokonya. Mmoja anasema nakitaka chako. Mwingine anasema changu usikiguse.

Sisi tunachanganya kwa sababu kitenzi chetu ni kimoja. Mtu akikwambia "namwonea wivu mke wangu", unaelewa anamlinda. Mtu huyo huyo akikwambia "namwonea wivu jirani yangu", unaelewa jirani kanunua Noah mpya. Wivu wa kwanza na wa pili ni vitu tofauti kabisa, lakini vimevaa shati moja.

Hata ule usemi wa kwenye mabasi na mabango ya vibanda, "wenye wivu wajinyonge", ukiutazama vizuri haumsemi mwenye wivu hata kidogo. Mwenye basi anamsema hasidi, yule anayetamani basi lisiondoke stendi.

Na tusijicheke wenyewe, wenye lugha yao nao wanachanganya. Mwaka 1988 watafiti watatu wa Marekani, Richard Smith, Sung Hee Kim na Gerrod Parrott, waliligeukia suala hili. Waligundua kuwa watu wanalitumia neno "jealousy" kwa mambo yote mawili, la mpenzi na la gari la jirani. Lakini "envy" imebaki kwenye kazi yake moja tu, ya kutamani cha mwenzako. Kwa hiyo "jealousy" ya Kiingereza imenenepa kwa kumla mwenzie, sawasawa na wivu wetu ulivyomla kijicho.

MACHO NA DIRISHA

Haya maneno yana asili tamu kweli. "Envy" imetoka kwenye Kilatini, "invidia", na ndani yake mna kitenzi cha kuona, kile kile kilichotuletea neno "video". Maana yake ni kumtazama mtu kwa jicho baya. Sasa niambie, kijicho cha Waswahili kimetoka wapi kama si kwenye jicho? Warumi na babu zetu hawakuwahi kukaa kijiwe kimoja wakapiga soga, lakini wote waliona kuwa ugonjwa huu unaingilia machoni.

Mshairi mmoja wa Italia anaitwa Dante, aliyefariki mwaka 1321, alitunga utenzi mrefu wa safari ya ahera. Mahasidi aliwaweka toharani, kope zao zimeshonwa kwa waya wa chuma wasione kitu. Jamaa alijua pa kuwabana!

"Jealousy" yenyewe imepitia Kifaransa na Kilatini mpaka Kigiriki, kwenye neno "zelos", moto wa moyo. Ndugu yake wa tumbo moja kwa Kiingereza ni "zeal", yaani bidii. Wafaransa nao wana madirisha ya mbao yenye mabapa yaliyolala, yale ambayo aliye ndani anaona nje na wa nje hamwoni. Ukitembea Mji Mkongwe wa Zanzibar utayaona ya namna hiyo. Wafaransa dirisha hilo wanaliita "jalousie", neno lile lile la wivu! Kama umewahi kusimama nyuma ya pazia saa nne usiku kuangalia nani kamshusha mpenzi wako, basi unajua Wafaransa walikuwa wanasema nini.

Hata wenye dini wenzangu wanaweza kuona tofauti hii bila kwenda mbali. Kwenye Amri Kumi, kitabu cha Kutoka sura ya 20, Mungu anajitaja kuwa mwenye wivu kwa maana kwamba hataki watu wake wageukie miungu mingine. Watu ni wake, analinda kilicho chake. Halafu amri ya mwisho ya orodha hiyo hiyo inakataza kutamani nyumba ya jirani, mke wake, ng'ombe wake na punda wake. Unaona? Orodha moja, wivu uko juu na kijicho kiko chini kimepigwa marufuku. Na Waislamu mnaoisoma Sura ya 113, Al-Falaq, mnajua inaishia kwa kuomba kinga dhidi ya shari ya hasidi. Hasidi na husuda ni Kiarabu kile kile, tumevirithi pamoja na dua yake.

MZEE OTHELLO NA LESO

Sasa tuje kwenye mfano mkubwa. Mwalimu Nyerere alitutafsiria tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Othello hakuitafsiri, na kwa mada yetu ya leo ndiyo ninayoitaka. Iliigizwa London mwaka 1604, na kila mtu husema ni hadithi ya wivu. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Othello ni jemadari mweusi anayelitumikia jeshi la Venice. Kamwoa mtoto wa mkubwa mmoja, Desdemona, na wanapendana. Chini yake yupo ofisa anaitwa Iago, aliyetarajia kupandishwa cheo. Cheo kikaenda kwa kijana Cassio. Hapo ndipo kijicho kinapozaliwa: Iago na Cassio, watu wawili, na kati yao kitu ambacho mmoja kakikosa.

Iago hamfuati Cassio na panga. Anakwenda kwa bosi, anajifanya rafiki wa kweli, anaanza kumdondoshea maneno kidogo kidogo kuwa Cassio na shemeji hapo pana kitu. Kisha anapata ushahidi. Ushahidi gani? Leso! Othello alimpa mkewe leso, ikaanguka, mke wa Iago akaiokota, Iago akaitupa chumbani kwa Cassio. Leso moja tu. Othello akaona inatosha, akamnyonga mkewe kitandani. Ukweli ulipofumuka, akajiua na yeye.

Tuhesabu vichwa sasa. Othello ni wivu: yeye, mke, na Cassio wa kufikirika. Iago ni kijicho. Lakini angalia nani kamtumia nani. Kijicho kilikuwa hakina nguvu peke yake, kikaenda kuazima nguvu kwenye wivu wa mtu mwingine. Hasidi alitoa kiberiti, mwenye wivu akatoa petroli.

Ndiyo maana nasema tofauti ya maneno haya si ya darasani. Ukiamini kuwa wivu ndiyo ugonjwa pekee, utamtazama Othello tu. Iago anakuwa amekaa pembeni anakunywa soda.

KISA CHA MTAANI

Sasa nisimulie lile nililoahidi. Mwenyewe kanipa ruhusa, ila jina tuliache.

Wasichana wawili walipanga chumba kimoja, wote wanauza nguo za mitumba kwa kutembeza. Walikuwa wanakula sahani moja, nguo wanaazimana, mpaka watu wakadhani ni ndugu. Mmoja wao alikuwa anacheza kikoba, zamu yake ikafika, akachukua hela akalipia fremu. Ndogo tu, lakini barabarani, na mlango wa vioo. Pia alikuwa na mchumba, fundi wa mafriji, posa imeshapelekwa.

Mwenzie alimpongeza, tena kwa vigelegele. Akamsaidia kupaka rangi. Lakini watu wa karibu walianza kusikia vimaneno. Fremu yenyewe nyembamba. Wateja wenyewe wa mikopo. Anajiona sasa. Ukimwuliza ana nini, anacheka, "aah, namwonea wivu tu shoga yangu". Na watu nao wanacheka, maana kwetu wivu ni neno la utani.

Siku moja mwenye kuleta mabelo ya mitumba alikuja pale fremu kudai salio lake. Wakaongea, wakataniana, yule dada akacheka. Mwenzie akapiga picha kwa simu. Jioni akamtumia fundi: shemeji, mimi umbea sipendi, lakini roho inaniuma nikikuona unadanganywa.

Picha ilikuwa ya mtu anacheka mchana kweupe kwenye mlango wa duka. Leso ya Othello ilikuwa na uzito kuliko hiyo! Lakini fundi hakuuliza. Alikwenda pale usiku dada anafunga duka, akampiga ngumi za uso mpaka taya likavunjika. Majirani walipofika walimtoa damu imetapakaa kwenye vioo.

Unajua watu walisema nini? Nilikuwepo kijiweni kesho yake, nikasikia kwa masikio yangu. "Jamaa anampenda sana yule, ndiyo maana ana wivu." Watu wazima, wana watoto wa kike nyumbani. Mwingine akaongeza kuwa mwanamume asiye na wivu hapendi. Kahawa ikaendelea kunywewa.

Dada alilala hospitali wiki mbili. Kodi ya fremu ikapita tarehe, mwenye nyumba akasema hawezi kusubiri. Mwezi ule ule ikapata mpangaji mpya. Bila shaka umeshamjua. Yule yule aliyesaidia kupaka rangi.

Sasa dada anauza kwenye meza, mita kama hamsini kutoka mlango wake wa zamani wa vioo. Fundi alifikishwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na uchumba ulikufa palepale. Nilimwuliza dada nani anamuuma zaidi. Akaniambia, "Kaka, yule fundi nilimjua kuwa ana wivu, kila siku alikuwa anapekua simu yangu, nikawa nasema ananipenda. Huyu mwenzangu ndiye sikumjua. Aliniambia kwa mdomo wake kuwa ananionea wivu, na mimi nikacheka."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Alikuwa na watu wawili karibu yake, wote wakijiita wana wivu, na kwa wote wawili neno hilo lilimlaza usingizi. Kwa mchumba lilisikika kama mapenzi, kwa rafiki kama utani.

WANAUME WENZANGU, TUSIDANGANYANE

Hapa niseme kidogo na washikaji zangu. Wivu kuuona moyoni si dhambi. Ukimpenda mtu utaogopa kumpoteza, ni kawaida. Wale akina Smith na Parrott walichapisha utafiti mwingine mwaka 1993, wakiwa wamewaomba watu wasimulie siku waliyoonja mambo haya. Wenye "jealousy" walisimulia hofu ya kupoteza, kutoamini, wasiwasi na hasira. Wenye "envy" walisimulia kujiona duni, kutamani, kinyongo, na kujiona wabaya kwa kuwa na hisia hiyo.

Soma tena orodha ya wivu. Hofu, kutoamini, wasiwasi, hasira. Mapenzi yako wapi hapo? Wivu unaweza kukaa nyumba moja na mapenzi, lakini unaweza pia kukaa peke yake na funguo ukaziweka mfukoni. Mtu anaweza kukuonea wivu kama anavyoionea wivu pikipiki yake, kwa kuwa anaamini ni mali yake tu.

Na sheria haina mzaha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila za kwao zinasema vingine. Hiyo ni kwa waliooana. Kama hamjaoana ndiyo usiseme, kumpiga mtu ni jinai tu. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa akiwa na wivu".

Na nyie dada zangu, msipimie mapenzi kwa wivu. Nawasikia saluni mkilalamika kuwa fulani hajali, hata simu hapekui. Mnamlaumu mtu kwa kukuaminini? Kha!

KIJICHO KIZURI KIPO?

Msomaji mwingine atanibana: mbona kuna "wivu wa maendeleo"? Huo nao ni ubaya? La hasha. Na hapa Waswahili tumejitahidi. Waholanzi wana maneno mawili tofauti. "Benijden" ni kumtamania mtu alichonacho na kutaka na wewe ukipate. "Afgunst" ni kutamani kimtoke. Mwaka 2009 watafiti wa huko, akina Niels van de Ven, walionyesha kuwa ni hisia mbili tofauti kweli. Ya kwanza inakusukuma ujiinue wewe, ya pili inakusukuma umshushe mwenzako. Kiingereza hapo kimebaki na neno moja la "envy", wakati sisi tunayo "wivu wa maendeleo" upande mmoja na husuda upande wa pili.

Kwa hiyo rafiki yako akifungua fremu, ukaumwa moyo kidogo, halafu ukaenda kumwuliza kikoba chenu kinapokea wanachama lini, hiyo ni poa kabisa. Ukiumwa moyo halafu ukaanza kuipima fremu yake upana, jichunge. Ukifika kwenye kupiga picha, umeshavuka mpaka, na wahenga walishakusema: hasidi hana sababu.

JIPIME

Haya, chukua kalamu. Kila swali, jibu wivu au kijicho, kisha uangalie jibu langu. Usiibie.

1. Mmemaliza shule pamoja, mwenzako kapata kazi benki, wewe unasajili laini za simu juani. Kila akipita na tai yake unakosa raha. Jibu: kijicho. Vichwa viwili, na tai moja.

2. Mpenzi wako kahamishiwa Dodoma kikazi. Simu za usiku zimepungua, na kila picha anayotuma ina kaka mmoja mwenye ndevu pembeni. Huli vizuri. Jibu: wivu. Vichwa vitatu, na kimoja kina ndevu. Mpigie umwulize, usimwulize jirani.

3. Mtoto wa miaka mitatu kaletewa mdogo wake, kila mama akigeuka anamfinya kichanga. Jibu: wivu, wa halali kabisa. Mama alikuwa wake peke yake mpaka wiki iliyopita.

4. Ulimwacha mwenyewe, kwa maneno makali na mbele za watu. Sasa kapata mwingine mwenye gari, na wewe usiku hulali. Utaandika wivu, najua. Kosa! Huyo si wako tena, sahani ulishairudisha jikoni. Unatamani kilicho cha mwingine. Jibu: kijicho.

5. La mwisho ni gumu. Nduguze Yusufu waliomtumbukiza kisimani, walikuwa na nini? Wengi watasema kijicho, kwa kuwa Yusufu alikuwa na ndoto za kuwapita. Lakini walikuwa pia na baba, na mapenzi ya baba waliona ni haki yao na yanahamia kwa mmoja. Kwa hiyo jibu: vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana dozi yake ilikuwa kali vile, na ndugu yao akaishia Misri.

Ukipata yote matano, hongera, unaweza kuniachia safu hii. Ukipata mawili, soma tena kuanzia pale kwenye kuhesabu vichwa.

Nimalizie kwa la kufanya. Ukiona una wivu, wa kuongea naye ni yule unayeogopa kumpoteza. Mkalishe, mwambie unaogopa nini, msikilize. Ukiona una kijicho, jiulize kile kitu chenyewe kinatafutwaje, kisha uanze kukitafuta. Na akija mtu saa mbili usiku na picha kwenye simu, anasema roho inamuuma kwa ajili yako, usianze kuangalia picha. Mwangalie yeye. Kuna kitu gani cha mwenzako ambacho yeye hana?

Meza ya yule dada inafunguliwa saa mbili asubuhi, ana magauni mazuri na bei haziumizi. Wenye kupita karibu wanamjua, wamuungishe.

Wiki ijayo nataka tuyaangalie maneno mengine mawili ya Kiingereza yanayotutesa mjini, "lend" na "borrow", maana Kiswahili tunasema kuazima kote kote, na ndiyo sababu hela zangu hazirudi. Mpaka hapo, pendaneni, aminianeni, na anayekudai mlipe. Wikiendi njema!